Kubali, Kataa, Yamekwisha

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza saa mbili asubuhi, vishikwambi vimefika saa tatu. Viko arobaini na vinne: arobaini na vitatu vya wanafunzi wa kidato cha nne, na kimoja changu. Fundi wa kompyuta, ambaye walimu wote tunamwita Waya, kanifundisha kwa dakika ishirini akiwa amesimama, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Mwanafunzi anaandika insha yake, nami nikiwa mezani kwangu namwona anavyoandika, herufi kwa herufi. Naweza kumpa maoni pembeni kabla hajamaliza.

"Hakuna tena kusubiri daftari, Mwalimu," alisema. "Unalikamata kosa likiwa bichi."

Miaka ishirini na tisa nimesahihisha insha kwa kalamu nyekundu. Wanafunzi wananiita Wino na wanadhani sijui.

Mambo yenyewe ni mepesi. Nikimpendekezea mtoto sentensi, anaona vitufe viwili, Kubali na Kataa. Akibonyeza Kubali, yake inatoka, yangu inaingia. Maoni ya kawaida yana kitufe kimoja tu, na aliyetafsiri programu hii, Mungu amsamehe, kakiandika Yamekwisha. Ukikibonyeza, maoni yanatoweka. Nilicheka mpaka Waya akauliza kulikoni.

"Yamekwisha ni neno la wazee wakishapatanisha mke na mume," nikamwambia. "Mimi na koma ya mtoto wa watu tumegombana lini?"

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mtandao umekatika. Tumetumia daftari.

Alhamisi, 7 Machi

Leo wameanza faili la insha. Kila mmoja ataandika insha moja ndefu kwa muhula mzima, "Kazi ya Mzazi Wangu", nayo inabeba theluthi ya alama za Kiswahili. Mkuu wa shule katusomea waraka wa baraza la mitihani mara mbili. Faili likionekana si kazi ya mwanafunzi mwenyewe, anafutiwa mtihani wote, masomo yote. Na mwalimu akibainika kumwandikia mwanafunzi, anafutwa kazi na mafaili ya darasa zima yanabatilishwa. Tumeitikia kwa vichwa, kila mtu anawaza chai.

Mvua ikipiga mabati ya darasa lile hatusikilizani hata kidogo. Zamani ningepoteza kipindi. Leo nilikaa kimya nikaandika maoni pembeni, nao wakanijibu pembeni, vichwa arobaini na vitatu vimeinama. Nilijihisi mjanja.

Sasa, kuna binti mmoja wa dawati la nyuma, karibu na mlango. Ana kigugumizi kizito, na darasa linamwita Kimya. Miaka minne sijawahi kusikia sentensi nzima kutoka kwake, na nakiri nilikuwa nimeshaacha kumwuliza. Leo nimefungua ukurasa wake nikakuta anakimbia. Mama yake ni dobi wa hospitali. Kaandika: "Mama anaita mashuka machafu wagonjwa. Jioni namwuliza habari za kazi, anasema, leo nimeponya mia mbili." Chini yake: "Mikono yake imelowa hata ikiwa mikavu."

Nimesoma mara tatu. Lo, mtoto huyu alikuwa wapi?

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Kimya ananiuliza maswali pembeni kama mtu aliyefunguliwa kifungo. "Mwalimu, kuna neno la harufu ya nguo iliyopigwa pasi ikiwa bado na unyevu?" Nikamwambia silijui. Akajibu, "Basi nitaieleza mpaka msomaji ainuse." Nikacheka peke yangu, mwalimu wa hesabu akanitazama.

Jumatano, 13 Machi

Ndoo ya pili imewekwa chumba cha walimu. Ile ya kwanza inajaa kabla ya mapumziko.

Jumamosi, 16 Machi

Mdogo wangu ni muuguzi, na tunaishi pamoja tangu mume wangu alipofariki. Leo karudi kutoka zamu anacheka. Dobi kamsimamisha kwenye korido na rundo la mashuka kichwani.

"Kaniuliza, wewe si mdogo wake Mwalimu? Nikasema ndiye. Akasema, mwanangu ananiandika. Dada, wodi nzima inajua! Anasema binti yake akifaulu atakwenda kidato cha tano, na hakuna mtu kwao aliyewahi kufika huko."

"Atafika," nikasema. "Huyo nitamfikisha mwenyewe kwa mikono yangu."

Jumanne, 19 Machi

Mashine inaweka mstari mwekundu chini ya sentensi isiyoielewa. Ukurasa wa Kimya umejaa mistari. Nimeanza kuona alivyo hatarini. Msahihishaji wa baraza ana insha mia tatu na macho mawili, hana muda wa kutafakari shuka linaponaje. Atakata tu. Nimeanza kumpendekezea sentensi zilizonyooka. Wengine nawapa maoni matatu matatu wanatosheka. Huyu ana kitu, na mchelea mwana kulia hulia yeye.

Ijumaa, 22 Machi

Niandike hili lilivyokuwa, maana limenikaa vibaya.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Katika sentensi yake nyingine, "Leo mama kaponya mashuka mia mbili", niliweka pendekezo: "Leo mama amefua mashuka mia mbili." Na pembeni nikaandika: "Shuka haliponi. Anayepona ni mtu."

Baada ya dakika moja pendekezo likatoweka. Nikadhani mtandao. Nikaliweka tena. Likatoweka tena, na safari hii nikaona maandishi madogo juu ya skrini: Limekataliwa.

Damu ikanipanda. Miaka ishirini na tisa hakuna mtoto aliyenikatalia kitu usoni, na huyu kanikatalia mara mbili bila hata kuinua kichwa. Nikasimama, nikapaza sauti kushinda mvua. "Wewe! Njoo hapa mbele!"

Na mvua nayo, kana kwamba niliiagiza, ikakatika. Ikawa kimya kabisa, maji tu yanadondoka nje. Akaja na kishikwambi kifuani.

"Umenikatalia?"

"Ma... ma... ma..."

"Nani kakufundisha kumkatalia mwalimu?"

"Mama a... ana... ana..."

Nyuma mtu akamwigiza. Darasa likacheka. Ningeweza kuwanyamazisha. Badala yake nikasema, na nakumbuka kila neno, "Mkono umekuwa hodari wa kukataa, mdomo haujui kueleza. Nenda kakubali."

Akarudi mahali pake. Akakubali. Nikaona sentensi yangu inaingia na yake inatoka, na mstari mwekundu ukafutika.

Nimekunywa chai haina ladha. Lakini mtoto lazima ajue mpaka wake. Ndiyo hivyo.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Kimya kakubali mapendekezo yangu yote, tisa, kabla sijamaliza kuvuta kiti.

Jumatano, 27 Machi

Kakubali kumi na mbili.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Ukuta wa stoo umeota kuvu. Ukurasa wa Kimya hauna hata mstari mmoja mwekundu. Nimempa sentensi ya kufungulia, na kusema kweli ilinipendeza: "Mama yangu ni mhimili wa afya ya jamii, naye hutekeleza wajibu wake kwa moyo mkunjufu." Kubali. Ile mikono iliyolowa nayo nimeinyoosha: "Mikono yake imesinyaa kutokana na maji." Kubali. Nilimwandikia pembeni, "Hongera, sasa imekaa sawa." Akabonyeza Yamekwisha.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimetambua leo kwamba haniulizi tena maswali. Nimejiambia ameshaelewa.

Jumatatu, 8 Aprili

Mafua.

Ijumaa, 12 Aprili

Mafaili yanakwenda baraza. Mkuu kaagiza tusafishe maoni yote ya pembeni, kazi iende safi kama sahani ya mgeni. Kuna kitufe cha kusafishia darasa zima kwa mara moja. Nimekibonyeza. Muhula mzima wa maneno yangu umefutika kabla sijapepesa jicho. Waya akasema, "Umeona raha hiyo?"

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua ya mawe. Waya kaniita ofisini kwake, hacheki.

Baraza lina mashine ya kulinganisha. Inachukua faili la mwanafunzi, inalipima na mitihani aliyoiandika kwa mkono mwaka jana, kisha inasema kama mwandishi ni mmoja. Katika arobaini na watatu wangu, arobaini na wawili wamepita. Kimya hakupita. Asilimia sitini na moja ya insha yake, inasema mashine, si mwandiko wa fikra zake.

"Kanakili mahali," alisema Waya. "Pole, Mwalimu. Najua ulikuwa unampenda."

Nilikaa. Nikamwuliza, "Yale maoni niliyosafisha, yanaweza kurudishwa?"

"Yakishasafishwa yamekwenda. Kwa nini?"

"Nilitaka kujua tu."

Nimehesabu kwa kukumbuka. Kwake niliweka mapendekezo tisini na manne. Mashine haikukosea hata kidogo. Imemtafuta yule mtoto ndani ya insha yake mwenyewe, haikumwona.

Jumatano, 24 Aprili

Sijala. Kikao cha kumhoji Kimya ni kesho: Mkuu, mwalimu wa taaluma, na mimi kama mwalimu wa somo. Mdogo wangu kaniuliza nina nini, nikamwambia mafua yamerudi.

Alhamisi, 25 Aprili

Asubuhi mvua ilikuwa kubwa, nikaomba iendelee. Nilifikiri, ikipiga mabati hatutasikilizana, Mkuu ataahirisha. Saa nne kasoro ikakatika. Jua likatoka kwa mara ya kwanza baada ya siku sita.

Dobi alikuwa nje ya ofisi, kwenye benchi, pindo la gauni limelowa matope. Aliposimama kunisalimia alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa mikavu kabisa, na naapa niliihisi imelowa.

"Mwalimu, mimi sikusoma," alisema. "Lakini mwanangu hawezi kuiba. Wewe unamjua. Wewe ndiye uliyekuwa naye humo ndani ya hicho kidude."

"Namjua, mama," nikasema. Nikaingia, mlango ukafungwa.

Kimya alikaa kwenye kiti cha katikati. Mkuu si mtu mbaya. Alizungumza naye kwa upole, akamwambia achukue muda wake, kisha akaitazama saa. Akasoma kwa sauti: "Mama yangu ni mhimili wa afya ya jamii, naye hutekeleza wajibu wake kwa moyo mkunjufu." Ofisini hakukuwa na sauti nyingine ila tone kwenye ndoo.

"Sentensi hii ni yako?"

Akasema, bila kukwama hata silabi moja, "Si yangu."

Ndiyo sentensi nzima ya kwanza niliyoisikia kwake kwa miaka minne.

Mwalimu wa taaluma akaandika. Mkuu akashusha pumzi. "Angalau wewe ni mkweli. Ni ya nani?"

Akageuka, akanitazama mimi. Wala hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyotazama mtu aliyebeba mzigo mlangoni, akikungoja umfungulie. "Mwa...", alisema. "Mwa... mwa..."

"Mwanafunzi mwenzako?" akasema Mkuu.

Akatikisa kichwa. "Mwa... mwa..."

"Mwandishi fulani? Umetoa kitabuni?"

Mimi nililijua neno lile. Katika chumba kizima ni mimi na yeye tu tuliolijua, na mimi ndiye niliyekuwa na mdomo wa kulisema. Nilikuwa na muda wa kutosha. Alijaribu mara tano, nilizihesabu. Kila mara alinitazama. Nikaangalia ndoo. Ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, nikawaza kwamba mtu aimwage.

Akafunga mdomo. Akaacha kunitazama.

"Basi," alisema Mkuu. "Amekiri, na hataki kumtaja mwenzake. Mwalimu wa somo, una la kuongeza?"

Nikasema, "Sina."

Nilijiambia nawaokoa wale arobaini na wawili wengine, maana waraka uko wazi na mafaili yao yangebatilishwa. Nilijiambia hivyo mpaka nilipofika getini. Kisha nikaona sikuwawaza hata mmoja wao kule ndani. Nilikuwa najiokoa mimi.

Dobi alikuwa bado benchini. Nilipitia mlango wa nyuma.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimemweleza mdogo wangu. Alikuwa anakunja nguo, akaacha.

"Ulikuwepo pale?"

"Nilikuwepo."

"Na mtoto anahangaika kulitoa jina lako, na wewe unaangalia ndoo?"

"Nilishikwa na hofu."

"Dada, mwenye kigugumizi alikuwa yeye. Wewe ulikuwa na mdomo." Akachukua nguo zake, akaenda kukunjia chumbani. Hatujasemezana tena.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua nyepesi. Nimekwenda kwa Mkuu nikamwambia yote. Alisimama, akafunga mlango, akakaa.

"Barua ya kumfutia mtihani ilitoka Ijumaa."

"Nitaandika nyingine."

"Utaandika nini, Mwalimu? Una ushahidi gani? Maoni uliyasafisha mwenyewe."

"Wewe uliagiza."

"Niliagiza, ndiyo." Alijifuta uso kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka. "Nisikilize. Wakikuamini, watazika arobaini na watatu. Wasipokuamini, watamzika huyo huyo mmoja. Kwa hesabu yoyote yeye hatoki. Nenda kafundishe."

Nikaenda nikafundisha. Mada ilikuwa viunganishi.

Alasiri nimeandika barua kwa baraza, kwa mkono, kurasa tatu. Nimeipeleka posta mwenyewe.

Alhamisi, 2 Mei

Dawati la karibu na mlango limechukuliwa na mwingine, anasema lina upepo.

Jumatatu, 6 Mei

Manyunyu.

Ijumaa, 10 Mei

Majibu ya baraza. Wamenijibu kwa mistari minne, wakati mimi niliwaandikia kurasa tatu. Uamuzi ni wa mwisho, "kwa kuwa mtahiniwa alikiri kwa kinywa chake". Suala la mwalimu litashughulikiwa kivyake muhula ujao. Mafaili mengine hayatafunguliwa.

Kwa kinywa chake. Sentensi pekee aliyowahi kuisema bila kukwama, na ilikuwa kweli tupu, ndiyo waliyomnyongea.

Jumanne, 14 Mei

Mdogo wangu ameanza kuzungumza nami tena, lakini kwa mambo ya chumvi na sabuni. Leo wakati wa chakula kasema, bila kunitazama, "Yule binti wameshampa kazi kule kwa mama yake. Anaingia na zamu ya asubuhi."

"Anaonekanaje?"

"Anafua."

Baadaye kidogo akaongeza, "Mama mtu haniambii tena ameponya mangapi. Siku hizi ananiamkia tu anapita."

Nilitaka kumwuliza, mama anafikiri mwanawe aliiba? Sikuuliza. Niliogopa jibu lolote kati ya mawili.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua imekwisha. Wiki nzima hata wingu. Ndoo zimerudishwa stoo.

Leo tunakusanya vishikwambi. Waya kanipa orodha. Cha Kimya hakijarudi, namba kumi na saba, atakileta mama yake jioni. Nilikuwa peke yangu darasani. Nikafungua insha yake, sijui kwa nini. Bado imo. Nikasoma mwanzo hadi mwisho, na ni insha safi kabisa, kila koma mahali pake, na ndani yake hamna mtu.

Nilipokuwa nasoma, kidoa cha kijani kikawaka kando ya jina lake. Alikuwamo. Popote alipokuwa, alikuwa amefungua ukurasa ule ule.

Moyo ulinienda mbio kama mtoto aliyeitwa mbele. Nikatafuta ile sentensi, "Leo mama amefua mashuka mia mbili", nikaweka pendekezo: "Leo mama kaponya mashuka mia mbili." Hiyo nilikuwa naikumbuka bila kutazama popote. Kisha pembeni nikaandika, nikafuta, nikaandika tena:

"Neno ulilokuwa unalitafuta siku ile ni Mwalimu. Nililijua tangu mara ya kwanza. Sikulisema kwa sababu niliogopa. Hukuiba chochote, mimi ndiye niliyekuibia. Nisamehe, mwanangu."

Nikaona vinukta vinavyoonyesha kwamba mtu anaandika. Vikaja, vikaacha, vikaja. Vilichukua muda mrefu. Nilisubiri, nikaapa moyoni kwamba safari hii nitamsubiri hata kama ni mpaka kesho. Vikaacha. Hakuna neno lililotokea.

Kisha maneno yangu ya pembeni yakatoweka. Alikuwa amebonyeza Yamekwisha.

Nimelitazama neno hilo weee. Kwetu mtu akikwambia yamekwisha, amekusamehe. Na mtu akikwambia yamekwisha, amemalizana na wewe. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa miaka ishirini na tisa, na sikuweza kujua ni lipi.

Lilikuwa limebaki pendekezo, ile sentensi yake, na vitufe viwili chini yake. Nalo likatoweka, na juu ya skrini yakaja yale maandishi madogo: Limekataliwa.

Kidoa cha kijani kikazima. Nimekaa pale mpaka Waya alipokuja kufunga darasa.